Aliyemtoa Mbio Bi Mwanakombo

Hapo zamani, tena si ile ya sungura kuvaa kanzu, ni zamani ya juzi tu, ya deki na mikanda ya video, palikuwa na kibanda cha video huko Muheza, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyewe alikuwa Mzee Kihiyo. Kabla ya kibanda alikuwa mpiga picha za harusi, na kamera yake ya video bado ilikuwa nzima, inaning'inia msumarini. Macho yake yalishachoka, akawa anatafuta wa kumwachia.

Na palikuwa na marafiki watatu, wagonjwa wa filamu za vitisho. Hoza fundi baiskeli, Singano mchora mabango, na Sikudhani fundi cherehani. Waliiazima ile kamera wakatengeneza filamu moja yenye hadithi tatu ndani yake, kila mmoja na yake. Kwa nini tatu? Kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumaliza filamu nzima! Damu ilikuwa nyanya ya kopo. Mzimu ulikuwa shuka la mama yake Hoza, naye mama alitaka shuka lake lirudi kabla ya magharibi, likiwa limefuliwa.

Sasa sikilizeni penye uzito. Watatu hawa walikuwa wanatawanyika. Sikudhani anaolewa Lindi, Hoza ameitwa na kaka yake Kahama, Singano anabaki palepale Muheza. Atakayepata kamera ataendelea na filamu huko aliko. Atakayekosa, basi tena, amerudi kwenye baiskeli, au rangi, au cherehani. Na kila mmoja aliipenda kazi ile kuliko chakula.

Mzee Kihiyo akawaambia, "Kamera nampa mmoja. Yule atakayemnyanyua Bi Mwanakombo kitini kwa hofu."

Watatu wakaguna. Bi Mwanakombo hamumjui? Haya, niwajulishe. Ndiye muosha maiti wa mtaa, miaka ishirini na saba. Kila Jumamosi baada ya alasiri alikaa benchi la mbele na kikapu chake cha visheti, na watu wakipiga mayowe yeye anacheka. "Mie nawashika wafu kwa mikono hii," alikuwa akisema, "halafu niogope shuka?"

Jumamosi ikafika. Madirisha yakazibwa kwa magunia, watu sitini wakabanana, mkanda ukaingizwa.

Ikaanza hadithi ya Hoza. Mzimu mmoja unazunguka mitaani. Hauvunji mlango, hauruki ukuta. Unasimama nje tu, unangoja. Ukiambiwa "karibu", umeingia, na aliyeukaribisha ndiye mwenyeji wake mpaka kufa. Likaja shuka, likanguruma. Watu wakapiga mayowe. Bi Mwanakombo akacheka, akatafuna kisheti.

Ikaja hadithi ya Singano. Ndani yake hamna kitu! Muigizaji wake alishikwa na malaria siku ya kupiga picha, Singano akapiga picha ya mlango. Mlango tu, dakika nne. Watu wakazomea, wengine wakadai mkanda umekwama. Kisha wakachoka kuzomea, wakanyamaza, wakabaki wameukodolea macho. Bi Mwanakombo naye akautazama, kisheti mkononi, hajakitia mdomoni.

Ikaja ya Sikudhani. Balbu yake ilikuwa imeungua, kwa hiyo picha ilikuwa giza tupu. Katika giza lile ikatoka sauti, sauti ya jirani mwema aliyekuja kuomba chumvi. "Hodi! Hodi hapa! Wenyewe mpo?"

Na Bi Mwanakombo, kutoka benchi la mbele, akaitika, "Karibu, mwanangu, pita ndani."

Kibanda kizima kikageuka kumtazama. Hapo ndipo alipojisikia alichosema. Akashika mdomo. Akasimama. Visheti huku, kikapu kule, akatoka mbio mpaka akapita mashine ya kusaga, akapita na kwake!

Watu walicheka mpaka wakalia. Halafu ugomvi ukaanza.

Hoza akasema, "Kamera yangu. Bila sheria yangu, karibu ni karibu tu. Yule mama anaitamka mara kumi kwa siku, mbona hakimbii? Ni mimi niliyelitia sumu neno lile."

Singano akasema, "Sheria yako aliisikia, akacheka huku anatafuna. Mlango wangu ndio uliomkalisha kimya. Dakika nne nimemkalisha mbele ya mlango, akasahau yuko kibandani, akajiona yuko kwake. Kamera yangu."

Sikudhani akasema, "Na alimwitikia nani? Mlango? Ningenguruma kama shuka la mama yako, Hoza, nani angenikaribisha? Nilipiga hodi kama binti aliyelelewa, ndiyo maana akaitika. Kamera yangu, na nisafiri nayo Lindi."

Mzee Kihiyo akakuna kichwa. Kila aliyesema, alimwona ana haki. Siku ya tatu, mbele ya watu, akaitoa kamera msumarini ili aamue. Mara Bi Mwanakombo huyo, kavaa vizuri, mkono mmoja kiunoni.

"Hamkuniuliza mie," akasema. "Hodi ile imesikiwa na watu sitini. Hamsini na tisa wamekaa kimya, wasio na adabu. Mie mamangu alinilea nisimwache mtu akisimama mlangoni. Mmenitisha nyie? Malezi yangu ndiyo yaliyonitisha! Mlisema atakayemnyanyua Bi Mwanakombo, na aliyemnyanyua ni Bi Mwanakombo. Tena huyo mgeni wenu tangu Jumamosi yuko kwangu. Napika kibaba kizima, asubuhi sufuria jeupe. Hadithi ya nne ninayo, mtu wa kuipiga picha ndiye mie. Leteni kamera."

Hakuna aliyecheka safari hii. Hoza alimtazama Singano, Singano akamtazama Sikudhani, na Sikudhani machozi yalimlengalenga, kwani basi lake la Lindi lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Mikono minne ikanyooshwa mbele ya Mzee Kihiyo, naye kakumbatia kamera kama mtoto mchanga.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msiniambie waikate vipande vinne. Kuna aliyelitia neno hofu, kuna aliyemleta mama wa watu mlangoni, kuna aliyepiga hodi, na kuna aliyeitika. Mzee Kihiyo hajajua ampe nani, nami nimekuja kwenu. Je, kamera alistahili nani?