Bolti ya Mashine ya Fundi Kiure

Hapo zamani, na msinizomee, si zamani ya sungura kusema, ni zamani ya juzi tu, huko milima ya Upare kulikuwa na fundi akiitwa Kiure. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na karakana, na ndani ya karakana mashine ya kukereza vyuma, kuukuu, nzito, imetoka nchi ambayo hata jina lake lilishafutika kwenye kibati. Ukimpelekea shafti iliyolika, alikupa mpya. Basi Kiure akafa. Tukalia, tukaenda kumzika. Na sisi tukiwa kaburini, mshenzi mmoja akaingia karakana, akafungua bolti moja na nati yake, akaenda zake. Laana imfuate!

Mtasema, bolti moja tu, kelele za nini? Ngojeni basi. Bolti ile ilikaa kwenye tundu la mashine na kukibana kisu kisicheze. Bila bolti kisu hakikai, na kisu kisipokaa chuma hakikatiki. Tena ile mistari inayojizungusha kwenye bolti, mafundi wanaiita thredi, haikuwa ya kawaida. Mjane wake, Bi Nakijwa, alizunguka maduka mpaka Moshi. Hii inapwaya. Hii inakwama. Hii inapwaya. Hii inakwama. Mafundi wa mjini wakamwambia, "Mama, bila kuiona ile ya zamani hatuwezi kukata ya kufanana nayo."

Akaja mnunuzi wa chuma chakavu. "Pole, mama. Hiyo sasa ni jiwe tu. Niachie."

Bi Nakijwa alikasirika. "Njoo Jumamosi na lori lako," akasema. "Isipokereza, beba!" Kisha akatugeukia sisi majirani. "Na atakayeifanya ikereze tena, mashine ni yake na karakana ni yake. Mmoja. Nimesema mbele yenu."

Wa kwanza kuinuka alikuwa Namkunda, kitinda mimba wake, seremala. Watu wakacheka: seremala na chuma, wapi na wapi? Namkunda alichukua kipande cha mpera, akakichonga kikawa mviringo, akakipaka mafuta, akakizungusha kwa nguvu ndani ya tundu la mashine. Alipokitoa, lo! Thredi za tundu zimejichora zote kwenye mti. "Mmeisaka Moshi," akasema, "kumbe imo humu humu." Akakirudisha tunduni, na mahali pa nati akapigilia kabari, kama tunavyofunga miguu ya kitanda. Kisu kikakaa. Hakikukaa imara, lakini kilikaa.

Wa pili alikuwa Senzota, mtoto wa mdogo wake Kiure, mhunzi. Alivipima vyuma vyote alivyokuwa navyo akavitupa. "Laini hivi? Vitakatika kabla ya Krismasi." Akabaki na chuma kimoja kigumu, nacho kilikuwa nyundo ya babu yake, aliyoachiwa kwa mkono wa babu mwenyewe. Alikaa nayo mapajani kutwa nzima. Kisha akaitia motoni. Akaifua, akapata fimbo nene ya bolti na kipande cha pembe sita cha nati, akavifukia kwenye majivu vipoe polepole, vilainike kidogo, kisu kiweze kuvila. Alikuwa analia, na hakujificha.

Wa tatu alikuwa Mbonea, aliyefanya kazi na Kiure miaka kumi na miwili. Akahesabu thredi kwenye ule mti, akapanga gia za mashine zilingane nazo. Lakini angewasha mota, mti ungevunjika papo hapo. Basi akakifunga chuma cha Senzota kwenye mashine, akavua mkanda wa mota na kuizungusha mashine kwa mikono. Zungusha, kisu kinakula unywele mmoja. Rudisha. Zungusha, unywele mmoja. Rudisha. Ijumaa nzima! Malengelenge yakatoka, yakapasuka, akafunga kitambaa, akaendelea. Nati ikaisha. Bolti ikafika mzunguko wa mwisho, na hapo mti ukapasuka, paa! Sote tukapiga yowe. Mbonea akainua bolti juu. Imekamilika!

Jumamosi lori likaja, na sisi mtaa mzima tumejaa uani. Mbonea akaiingiza bolti kwa vidole tu. Haipwayi. Haikwami. Nati ikashuka, spana ikabana, mkanda ukarudi, mota ikawashwa. Kisu kikagusa chuma, na chuma kikatoka kimejikunja utepe mrefu, unang'aa! Vigelegele! Bi Nakijwa alicheza mpaka kitenge kikadondoka, akakiokota, akacheza tena. Mwenye lori aligeuza bila kuaga, tukamsindikiza kwa nyimbo ambazo siwezi kuziimba hapa.

Ngoma ilipotulia, ndipo tukakumbuka. Mmoja, alisema.

"Mama," akasema Mbonea, "mikono yangu hii hapa, itazame. Wao walileta mti na kipande cha chuma. Bolti nimeikata mimi, na mashine hii naijua kuliko mtu yeyote aliye hai."

"Ungekata nini?" Namkunda akamdaka. "Miaka kumi na miwili umelala nayo, na thredi zake hukuzijua! Nisingezitoa tunduni, ungekuwa bado umeshika tama."

Senzota akaongea kwa upole, na upole wake ukatuchoma. "Mama mkubwa, wenzangu wametoa kazi. Mbonea mikono yake itapona, Namkunda mipera imejaa kule shambani. Mimi nyundo ya babu hairudi. Imo humo ndani ya mashine. Mkiipeleka mashine kwa mwingine, mmempa na nyundo yangu."

Bi Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja, funguo za karakana ziko mkononi. "Ahadi ni deni," akasema, "nami niliahidi mmoja." Akatugeukia sisi majirani, maana tulikuwa mashahidi. Sisi tukatazamana, tukaanza kubishana, na mpaka leo hatujaelewana.

Haya, leo zamu yenu. Na asiniambie mtu wagawane, mashine si mbuzi wa sherehe. Mama wa watu amesimama, amenyoosha funguo. Aliyeiona njia, aliyetoa asichoweza kukipata tena, au aliyeifanya kazi mpaka ikaisha? Je, funguo zile alistahili nani?