Mzee Ezboni na Shamba la Kanisa

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba katika mji mdogo wa Gathanjiro, penye baridi na mashamba ya chai, waliishi waja wawili wa Mungu: Ezboni Gathirimu, mzee wa kanisa la Kipresbiteri, na mjane aliyeitwa Rahabu Nyawira.

Siku hizo waumini walisali katika nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, nao walitamani nyumba ya mawe. Mahali pazuri palionekana juu ya mteremko, lakini nusu yake ilikuwa shamba la Rahabu, aliloachiwa na marehemu mumewe. Wazee walimwomba, akakataa kwa adabu, akisema ana mwana wa kumrithisha. Ndipo wakamwendea afisa wa mipaka na kudai kwamba ardhi yote ile ilikuwa ya kanisa tangu zamani.

Ezboni alijua ukweli. Yeye mwenyewe alishirikiana na marehemu kupanda mimea ya mpakani. Lakini afisa alipomwuliza kama mpaka ulipita pale walipoonyesha wazee, aliwatazama wenzake, akamwona mchungaji amesimama akingoja, akajibu kwamba ndivyo. Mimea ikang'olewa, msingi ukachimbwa. Kanisa likasimama, la mawe ya kuchonga, lenye mnara na kengele, na watu wakamshukuru Mola.

Rahabu hakuhama kanisa wala hakumtukana mtu. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu, upande wa kaskazini. Wanawake wenzake walipomwuliza anawezaje kuingia humo, alijibu kwamba yumo shambani kwake. Ila Ezboni alipopitisha mkate wa Meza ya Bwana, hakuupokea kutoka mkononi mwake. Aliinamisha kichwa tu, na Ezboni akapita. Mambo yakaendelea hivyo miaka mingi.

Kanisa lilipotimiza miaka ishirini na mitano, karani aliandika historia yake. Ezboni, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wazee wa mwanzo, akapewa aisome mbele ya waumini. Alisoma habari za ile nyumba ya udongo, na za akina mama waliobeba mawe migongoni kutoka mtoni. Alipofika palipoandikwa kwamba shamba lilitolewa kwa hiari na mjane mcha Mungu, alikatiza kusoma. Akaweka karatasi chini.

"Hili si kweli," alisema. "Shamba hili tulimnyang'anya Rahabu, na shahidi wa uongo nilikuwa mimi."

Mchungaji akaanzisha wimbo upesi. Wiki ile ile baraza likamvua Ezboni uzee wa kanisa, na kuandika kwamba umri ulikuwa umemvuruga akili. Historia ikachapishwa vilevile, bila kubadilishwa hata herufi.

Ezboni akamwendea Rahabu katika chumba alichohifadhiwa na mpwa wake, akapiga magoti, akaomba msamaha. Mjane akamwambia ainuke.

"Gerishoni wangu alikufa akipasua mbao katika msitu wa mbali," alisema, "kwa sababu hapa hakuwa na pa kulima. Ungesema siku ile, mwanangu angekuwa nyumbani. Ninakusamehe, Mzee Ezboni, kwa kuwa Bwana ameniagiza. Lakini usiniombe nifurahi."

Ezboni hakujitetea. Tangu hapo alikaa nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango, na wengi waliacha kumsalimu. Alivumilia. Rahabu alipofariki alizikwa katika makaburi ya serikali, maana hakuwa na ardhi yake. Baraza halikumtuma mtu. Ezboni alikwenda kwa mkongojo na kufukia kaburi pamoja na mpwa wa marehemu.

Enyi wapendwa, toba ya mja huyu ilikuwa ya kweli, nasi tunaamini ilipokewa kwa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, haikumrudishia mjane shamba lake, wala haikumfufua mwanawe. Basi ukiwa na neno la haki kinywani, liseme wakati yule anayelihitaji angali na la kuokoa.