Majivu ya Bi Kidimu

Paukwa!
— Pakawa!
Nyie wa nyuma, mmemeza mawe? Paukwa!
— Pakawaaa!
Pakawa jaa, jaani majivu, majivuni kuku.

Hapo kale, nyuma ya jiko la watu, palikuwa na mji wa kuku. Mfalme wao alikuwa jogoo Kuchi, shingo ndefu, kifua mbele. Adui wao alikuwa mmoja tu: siafu. Siafu hapigi hodi, jamani! Anakuja kuku wamelala, anaingia kiotani, anakula kifaranga hai. Masika yaliyopita siafu walimaliza vifaranga wote wa Bi Kidimu, yule tetea wa manyoya ya kujikunja. Sasa Bi Kidimu alikuwa anaatamia tena, pale karibu na lango, na mayai yalikuwa yanakaribia kupasuka.

Kuchi akaita baraza. "Ndugu zangu, tutalala na hofu mpaka lini? Shimo la siafu liko ng'ambo ya kijito. Tuwapige kwao, wasije kwetu!"

Majogoo wakaitikia: "Tuwapige kwao, wasije kwetu!"

Bi Kidimu akasema, "Mfalme, mimi ndiye niliyefiwa. Hasira yangu inaizidi yako. Lakini utapigana na nini?"

"Na kucha hizi!"

"Kucha za kuku kazi yake kupekua. Ukilipekua shimo la siafu, unawaua au unawatawanya?"

Kuchi akapandisha sauti. "Kwa hiyo tukae tungoje kuliwa?"

"Tulinde mji. Siafu havuki majivu. Tuyazungushe pande zote, mvua ikiyalowesha tumwage mengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Majivu ni ya vita!"

Maana walikuwa na desturi wale kuku: jogoo haendi vitani mpaka ajipake majivu mwili mzima. Jeshi zima lijipake, jaani pabaki nini?
— Hapabaki kitu!

Bi Kidimu akaona hoja zimegonga mwamba. Akaingia kwa mlango wa sifa.

"Basi umeshinda, mfalme. Ila shujaa kama wewe ujipake majivu kama mpishi? Jipake vumbi jekundu! Siafu wakikuona watadhani umeshaoga damu."

Kuchi akavimba kichwa. Majogoo wakagaagaa kwenye vumbi jekundu, wakatoka wakiimba:

Tuwapige kwao, wasije kwetu!
Tuwapige kwao, wasije kwetu!
Tuwapige kwao, wasije kwetu!

Huku nyuma matetea wakalipekua jaa. Wakasukuma majivu kwa vifua, wakauzungushia mji, wakaacha rundo moja langoni.

Kule ng'ambo, majogoo wakapekua. Pekua, pekua, pekua! Siafu wakatoka kila tundu. Wakapanda miguuni, wakapenya chini ya mbawa, wakang'ata mpaka upanga wa kichwani. Kuchi akapiga kelele, "Rudini!" Wakatimua mbio, siafu nyuma yao, siafu mwilini mwao. Wimbo nao ukabadilika:

Fungueni, wanakuja kwetu!
Fungueni, wanakuja kwetu!
Fungueni, wanakuja kwetu!

Bi Kidimu akawazuia langoni. "Havuki mtu! Gaagaeni kwanza kwenye rundo."

"Hata mimi mfalme?"

"Hata mfalme ana siafu mkiani."

Kuchi akagaagaa. Wote wakagaagaa, siafu wakapukutika, majogoo wakaingia. Hapo jeshi la siafu likafika. Likaja mbele, likagusa majivu, likarudi. Likaja kushoto, likarudi. Likazunguka nyuma, likarudi. Mwishowe likatokomea porini, na mji mzima ukaripuka kwa vigelegele.

Katikati ya shangwe ile, ganda likapasuka. Kikatoka kidomo. Likapasuka la pili, la tatu, mayai yote! Hakuliwa hata kifaranga mmoja. Bi Kidimu alilia kwa furaha mbele ya watu, wala hakuona haya.

Kuchi akasogea polepole. "Bi Kidimu, siafu hawa mimi ndiye niliyewaleta."

"Ndiyo, wewe. Na upande wa kisimani majivu yamelowa."

Mfalme akainamisha kifua, akasukuma majivu makavu mpaka kisimani. Kulipopambazuka akawika kana kwamba vita alivishinda yeye. Wakamwacha awike, vifaranga wazima walikuwa wanachezea miguuni pake.

Tangu hapo kuku huoga majivu, hata asipokuwa na vita.

Hadithi yangu nimeifukia jaani. Mwenye kucha aipekue, mwenye watoto auzungushie mji majivu.
— Tumezungusha!