Nashipai na Ufa Uliokula Mbuzi

Hadithi yaja!

*Na ije, tumekaa!*

Ikija na kishindo?

*Hatukimbii!*

Basi, hapo zamani za kale, wanyama waliposema na watu wakawajibu, nchi hii haikuwa na bonde. Ilikuwa tambarare tupu. Unatazama, unatazama, mpaka macho yanachoka.

Huko aliishi binti aitwaye Nashipai na mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Walikuwa na mbuzi wachache tu.

Siku moja Nashipai aliona ufa mbele ya nyumba, mwembamba kama unywele. Masika yakapita, kidole kikaingia. Masika mengine yakapita, mkono ukaingia. Masika ya tatu, mtu mzima angeweza kushuka ndani.

Fisi akaja. "Hodi hapa!"

"Karibu, Bwana Fisi."

"Binti, ufa huu una njaa. Utupie mbuzi, utafumba kinywa."

Nashipai akatupa mbuzi. Kumbe Fisi alikuwa na njia yake ya kushukia. Alishuka, akala, akajipangusa mdomo.

Ufa haukufumba.

"Mbuzi yule alikuwa amekonda," akasema Fisi. Nashipai akatupa wa pili. Fisi akashuka, akala, akajipangusa mdomo.

Ufa haukufumba.

"Sasa utupie yule wa maziwa," akasema Fisi.

Nashipai akashika kamba ya mbuzi wa maziwa, akalia. Maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yakimlisha mama yake. Mara udongo ukatifuka miguuni pake, akatokea Mhanga, mchimbaji wa mashimo, masikio yamejaa vumbi.

"Mbona unalia, mwanangu?"

"Ufa una njaa, babu. Unataka mbuzi wangu wa mwisho."

"Nani kakwambia? Mimi natoka huko chini. Ardhi haili nyama. Njoo."

Akamwingiza shimoni. Wakashuka, wakashuka. Nashipai akasikia mwamba ukiguna. Wakashuka tena, akasikia joto likipanda kutoka chini. Wakashuka mara ya tatu, Mhanga akasema, "Weka kiganja hapa mwambani. Tulia."

Nashipai akaweka kiganja. Akatulia. Akausikia mwamba ukisogea.

"Babu! Mwamba unakwenda!"

"Unakwenda. Polepole kama kucha inavyoota. Dunia yote imekaa juu ya mabamba makubwa ya mwamba, na chini yake kuna mwamba wa moto unaojivuta kama uji mzito. Mabamba yakigongana, ardhi hukunjamana ikawa milima. Yakisuguana, ardhi hutetemeka. Na yakiachana, kama haya yetu, ardhi ya katikati hupasuka, kisha siku moja huzama ghafla, na nyumba yenu iko katikati."

"Nani anayeyasukuma?"

"Mwanangu, nimechimba maisha yangu yote. Sijafika mwisho wake."

Nashipai akapanda juu mbio. Akambeba mama yake mgongoni, akashika kamba ya mbuzi.

"Unanipeleka wapi mimi na miguu hii?" akauliza mama. "Niache nyumbani kwangu."

"Nyumba inazama, mama. Nishike shingo."

Wakapita ukingoni mwa ufa. Fisi alikuwa ndani, mdomo wazi, akingoja mbuzi.

"Toka, Bwana Fisi! Ardhi inazama!" akaita Nashipai.

"Tupa mbuzi kwanza!" akajibu Fisi.

Nashipai akaenda zake. Akatembea, akamwinua mama vizuri mgongoni. Akatembea, akavuta kamba ya mbuzi. Akatembea, wakafika penye mwamba mgumu.

Hapo nchi ikaguna.

*Ikagunaje?*

Mmm-mmm-mmmm! Ndege wote wakaruka kwa pamoja. Tambarare ikapasuka huku, ikapasuka kule, na katikati ikashuka, na nyumba, na miti, na Fisi. Jiwe likamwangukia kiunoni. Alitoka, lakini mpaka leo huinamisha matako akitembea.

Vumbi lilipotulia, mama akafungua macho. Chini ya miguu yao palikuwa na bonde, na ng'ambo yake ukuta wa mawe uliogusa mawingu. Mlima mpya ulikuwa ukifuka moshi. Maji yakaanza kukusanyika kule chini, na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wakatua, maelfu kwa maelfu.

Mwishowe mama akanong'ona, "Imemaliza?"

Mhanga akachomoza udongoni kando yao, akalaza sikio chini. "Haijamaliza. Inakwenda hata sasa."

Nanyi mlioketi mkekani, inakwenda chini yenu. Kucha zenu zikiota, nayo inasogea. Iko siku bahari itaingia bondeni, na hata wajukuu wa wajukuu zetu hawatakuwepo kuiona.

Hadithi yatufunza kwamba ardhi hainunuliwi kwa kafara wala haizuiliwi na mtu. Anayetaka kuishi juu yake aisikilize. Na anayegeuza hofu ya mwenziwe kuwa chakula chake, atazama nayo.

Nimeifikisha hapa, naiweka chini.

*Tumeipokea, tumeibeba!*