Nyumba Nyeupe ya Liwali wa Mkokoni

Hapo zamani, katika mji mdogo wa pwani uitwao Mkokoni, alikuwako liwali mmoja, Nasoro bin Khalfani, bahili asiye na mfano. Kila mwaka kabla ya Maulidi watu wa mji huo walichoma matumbawe, wakapata chokaa, wakazipaka nyumba zao zikang'aa. Liwali hakuchoma hata kipande. Kuta zake zilijaa kuvu, na kando ya mlango mate ya tambuu yalikuwa yametiririka mekundu tangu enzi za babaye, naye akipita hapo kifua mbele, kana kwamba ni nakshi!

Basi ikaja habari kwamba mjumbe wa Sultani yuaja. Liwali akawaita mafundi wa kupaka nyumba, akawaambia, "Nataka nyumba yangu iwe nyeupe kuliko zote mjini. Chokaa sitoi. Fundi wa kweli huja na yake."

Mafundi wakasema hawana. Akawatia gerezani wote kwa kosa la uvivu. Miongoni mwao alikuwamo Mshamu, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Mshamu alikuwa na ndugu yake, Mbwarahaji, fukara ambaye mji mzima ulimhesabu punguani. Mbwarahaji alimdharau liwali tangu zamani, lakini siku hiyo dharau iligeuka uchungu, maana alimsikia shemeji yake akilia. Akajifunga shuka, akaenda barazani.

"Shikamoo, bwana liwali. Kazi hiyo naitaka mimi."

"Wewe? Hata ufagio wa kupakia huna!"

"Sina, bwana. Lakini nambie mbele ya wazee hawa, wataka nini hasa?"

"Nyumba yangu izipite zote za mji huu kwa weupe. Basi. Utakavyofanya ni shauri lako. Ukiweza, nitawafungua mafundi. Ukishindwa, utawafuata."

Wazee wakashuhudia.

Mbwarahaji hakwenda kutafuta chokaa. Alipita mlango kwa mlango akisema na wanawake, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba isiyomchukia liwali, wote wakakubali. Wakakwangua masizi ya vyungu, wakayakoroga kwa maji, wakazipaka nyumba zao wenyewe toka msingi hadi paa. Msikiti waliuacha, maana si nyumba ya mtu.

Mjumbe aliposhuka alikuta mji mweusi tititi, na katikati yake nyumba moja ya rangi ya jino bovu.

"Liwali, mji huu umefikwa na msiba gani?"

"Mwendawazimu huyu ameuchafua!" akafoka liwali, akimwonyesha Mbwarahaji.

"Hasha, bwana," akasema Mbwarahaji. "Liwali alitaka nyumba yake izipite zote kwa weupe, wala hakutoa chokaa. Watu wamepaka nyumba zao kwa masizi yao. Kama iko nyumba ya mtu iliyo nyeupe kuliko hii, na anionyeshe."

Wazee wakathibitisha. Mjumbe akazitazama zile kuta za kuvu, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru gereza lifunguliwe, na liwali achome chokaa kwa mali yake mwenyewe, mji wote upakwe, yeye apakiwe wa mwisho.

Mshamu akafika kwake kabla mtoto hajazaliwa. Na chokaa ile, kwa kuwa liwali aliipima kwa mkono wake wa ubahili, iliutosha mji wote, ikaisha kwake ukuta wa kwanza haujafika nusu.