Bi Kindi Alivyofagia Jangwa

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ni sauti ya watu au ya mbu? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wakubwa sogeeni nyuma, watoto wakae mbele. Anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Hapo zamani za kale, mlima ulipokuwa na msitu mpaka kileleni, aliishi Bi Kindi. Mwili mdogo, maneno makubwa. Mkia wake ulikuwa mpana, manyoya tele. Kindi wengine mkia wanajifunikia baridi. Yeye wake alifagilia. Kabla jua halijatoka, fya, fya, fya. Majani chini ya mti wake, fya. Maganda ya njugu, fya. Akimaliza kwake anafagia na kwa jirani, halafu anamwamsha jirani kumwambia kwamba kwake kulikuwa kuchafu.

Bi Kindi alikuwa na binti mmoja, Tunu. Tunu akaolewa mbali, ng'ambo ya jangwa, na kindi wa huko, wale wasiojua kupanda mti, wanaokaa mashimoni. Bi Kindi alipoambiwa mwanawe atalala shimoni alinyamaza siku mbili nzima. Mlimani watu wakadhani amekufa.

Basi siku moja akaja Mbayuwayu, pruu, akatua tawini. Akasema Tunu amejifungua jana, mtoto wa kike, mama na mtoto wazima.

Sasa sikilizeni desturi ya kindi. Mtoto wa kwanza hupewa jina na mama wa mama. Humnong'oneza sikioni siku ya saba, jua linapozama, na likishaingia sikioni halitoki. Bibi huyo asipofika, jina hutolewa na mama wa baba. Na mama wa baba alikwisha chagua lake.

"Amechagua jina gani?" akauliza Bi Kindi.

Mbayuwayu akatazama pembeni. "Vumbi."

Bi Kindi alishika tawi asianguke. Mjukuu wake yeye aitwe Vumbi? Yeye alikuwa na jina tayari, amelitunza tangu Tunu alipoolewa. Jina lenyewe Nadhifa. Akahesabu siku. Safari ilikuwa siku tano, na siku zilizobaki zilikuwa tano. Hapakuwa na siku ya kuchezea.

Akamwendea Punda. Punda alikuwa mvivu wa kuanza, lakini akishaanza hasimami. Wakafungasha kikapu cha njugu, vibuyu viwili vya maji na turubai la ngozi la kujikinga upepo. Kesho yake asubuhi wakateremka mlima, Punda chini, Bi Kindi juu, mdomo wa Bi Kindi mbele kuliko wote.

Ukingoni mwa jangwa walimkuta Choroa, swala mkubwa wa jangwani, pembe ndefu, miguu myeupe kama amevaa soksi. Alikuwa mwenyeji wa huko, na wageni wote yeye ndiye aliyewavusha. Akawaambia atakwenda nao, malipo njugu konzi moja kila siku. Wakakubaliana.

Wakaenda. Mchanga, mchanga, mchanga. Jioni wakapiga kambi. Walipokuwa wanapigana na turubai, akatokea Mbweha. Bi Kindi akaruka juu ya pembe ya Choroa akakaa kileleni, akamwambia Mbweha kwamba nyama yake ni chungu na kwamba Punda ni mgonjwa. Mbweha akacheka. Alikuwa ameshiba. Alichokuja kusema ni kwamba wamefunga turubai upande unaotoka upepo, litawaangukia. Akawaonyesha nyuma ya mwamba, akawasaidia kuvuta kamba kwa meno, akapewa njugu mbili ambazo hakujua kuzila, akaziweka shavuni kwa adabu, akaenda zake.

Asubuhi Bi Kindi akaamka kabla ya wote. Akatazama. Nyayo za Mbweha, kwato za Punda, kwato za Choroa, alama ya kamba, alama ya matako ya Punda. Akaona aibu. Mwanamke amelala hapa, aondoke apaache hivi? Akashusha mkia. Fya, fya, fya.

Choroa alipoamka akamwambia kwa upole kwamba huku hawafagii. Mchanga ndio unaowaambia nani amepita, ameelekea wapi, na kama alikuwa anachechemea. Bi Kindi akaitikia ndiyo ndiyo. Moyoni akasema, kila mvivu ana maelezo yake.

Siku ya pili, kambi ya pili, fya, fya, fya. Walipokuwa wanaondoka akaja Mbuni, ana haraka, watoto kumi na mmoja nyuma yake. Akauliza ni nani aliyelala hapo, maana yeye kila asubuhi hupita kusoma habari, na leo amekuta mchanga mtupu kama kipara.

"Ni mimi nimefagia, mwenzangu," akasema Bi Kindi, akingoja kusifiwa.

Mbuni akainamisha shingo yote ile ndefu mpaka macho yakatazamana. "Kwani kulikuwa na nini kibaya?"

Bi Kindi akagawa njugu. Watoto wa Mbuni wakala, wakampanda Punda mgongoni, wakateleza kwenye shingo yake kama mnavyoteleza nyinyi kwenye kile kichuguu mlichokatazwa. Punda akasema wanamwumiza, lakini hakusimama. Bi Kindi akacheka siku hiyo mpaka mbavu zikauma. Jangwa si baya, akajisemea. Lina wenyewe wazuri. Limekosa usafi tu.

Siku ya tatu, fya, fya, fya. Siku ya nne wakapiga kambi ya mwisho. Mbele yao mchanga ulikuwa unaishia, unaanza uwanda wa mawe meusi, mapana, mpaka macho yanapochoka. Ng'ambo ya mawe kulikuwa na visima viwili, na nyuma ya visima ndiko kwa Tunu. Kisima kimoja kina maji na kingine kimekauka, na kila msimu hubadilishana. Kibuyu kimebaki na funda moja.

Choroa akawaambia yeye ataondoka usiku bado, akahakikishe kisima chenye zamu msimu huu kina maji. "Jua likitoka fuateni kwato zangu. Pale zinapoingia kwenye mawe, nyosheni hapo hapo, msipinde. Mtanikuta kisimani." Kisha akamtazama Bi Kindi. "Bibi, kesho usifagie."

"Sitafagia," akasema Bi Kindi. Na alisema kweli yake.

Lakini mkono uliozoea, nao una kichwa chake. Bi Kindi akaamka alfajiri, macho nusu, akafikiria siku ya saba, akafikiria mkwe wake, yule mama wa baba, akafikiria lile jina. Huku anafikiria, mkia umeshashuka. Fya. Alama za kamba, fya. Kwato, fya. Na uwanja wenyewe hauna ua, utajuaje unaishia wapi? Akafagia kulia, akafagia kushoto, akafagia mbele mpaka kwenye mawe. Mchanga ulikuwa umelala kwa umande, ukafagika vizuri ajabu. Jua lilipochomoza akajinyoosha, akatazama kazi yake. Hajapata kuona uwanja safi namna ile.

Punda akaamka. Akatazama mbele. Akatazama nyuma. Akatazama mkia wa Bi Kindi.

"Bibi. Kwato ziko wapi?"

Bi Kindi naye akautazama mkia wake.

Wakaenda mpaka kwenye mawe. Jiwe haliandikiki. Mahali pa kuingilia palikuwa popote. Ukienda kulia kidogo tu, unatokea kisima kikavu. Ukienda kushoto, hutokei kabisa. Wakajaribu huku, wakarudi. Wakajaribu kule, wakarudi. Jua likapanda. Wakagawana lile funda la maji, Punda ulimi, Bi Kindi ncha ya ulimi.

Punda hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alilala tu kwenye kivuli chembamba cha turubai akasema anajuta kwa ajili ya mtoto.

Hapo Bi Kindi akalia. Na Bi Kindi akiwa na huzuni hufanya nini? Nyinyi mnamjua sasa. Akashusha mkia akaanza kufagia, hasira, machozi, fya, fya, fya. Umande umekwisha kauka, mchanga mwepesi, vumbi likapanda puu! Punda akapiga chafya mara tatu.

"Na sasa unatuzika," akasema Punda. "Vumbi lote hilo, si hata mkwe wako huko aliko analiona."

Wakatazamana. Wakatazama juu. Vumbi lilikuwa limesimama angani kama mnazi.

"Inuka," akasema Bi Kindi. "Una miguu minne, unaiwekea nani?"

Punda akainuka. Akapiga kwato, pu, pu, pu. Akagaagaa. Bi Kindi akafagia kama hajapata kufagia maisha yake yote, siyo ili pawe safi, ila pawe pachafu mpaka mbinguni. Vumbi puani, vumbi masikioni, vumbi mpaka kwenye kope. Fya, pu, fya, pu, jua likavuka utosi, likaanza kuteremka.

Tipu, tipu, tipu, tipu.

Ni Mbuni. Shingo ndefu, macho makali, aliliona vumbi kutoka kule alikowalaza watoto. Akasema alijua tu, hakuna mwingine jangwa zima anayeweza kufanya fujo kiasi kile na mkia mmoja. Akauliza wanakwenda wapi. Akaambiwa. Akalitazama jua.

"Punda, pita katikati ya mawe yale mawili yaliyoegemeana, utamkuta Choroa. Wewe Bibi, panda, ushike manyoya, na usiseme neno."

Akapanda. Akashika. Hakusema neno. Tipu, tipu, tipu, mawe yakapita, kisima kikapita, Choroa akainua kichwa akabaki ameduwaa. Mbuni akasimama kidogo tu Bi Kindi anywe. Tipu, tipu, tipu.

Huko shimoni jua limebaki ukucha. Mama wa baba amempakata mtoto, mdomo umefika karibu na sikio. Mara mlangoni likaingia rundo la vumbi lenye macho mawili.

"Huyu nani?" akauliza Tunu.

"Mama yako," likajibu rundo.

Mkwe akamtazama juu mpaka chini. Akampisha. Akamkabidhi mtoto. "Karibu, mkwe. Nilikuwa nakushikia tu."

Bi Kindi akampakata. Mtoto mdogo, joto, masikio kama majani machanga. Akamwinamia na lile jina lake la miaka yote. Vumbi likamdondoka kutoka kwenye kope, likatua sikioni mwa mtoto. Kisha akanong'ona. Mtoto akapiga chafya. Jua likazama.

"Umemwitaje?" wakauliza wote.

"Vumbi."

Mkwe akashika kiuno. "Hilo si ndilo nililolichagua mimi?"

"Wewe umelichagua kwa sababu mnalilalia. Mimi limenifikisha."

Mkwe akacheka, Tunu akacheka, Mbuni mlangoni akacheka, na Bi Kindi akapewa uji kabla hata ya kunawa, akaunywa hivyo hivyo.

Punda na Choroa walifika baadaye, polepole, matumbo yamejaa maji. Asubuhi Bi Kindi akaamka kabla ya wote. Akafagia ndani, fya, fya, fya, na jamani palihitaji. Akafika mlangoni. Nje mchanga umejaa: vidole viwili viwili vya Mbuni, kwato za Choroa, kwato za Punda, na kando kidogo nyayo za Mbweha, aliyepita kujua kama wamefika. Hapo chini aliacha njugu mbili.

Bi Kindi akausoma mchanga wote, mwanzo mpaka mwisho. Akaukunja mkia wake, akaukalia.

Mnaona basi. Kwako fagia upendavyo. Ukienda kwa watu, uliza kwanza kabla ya kusafisha, maana unachokiona taka huenda ndicho kinachowafikisha nyumbani. Na aliyekuonyesha njia, usiifute nyuma yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Tunu. Aliyemwaga maganda ya njugu kwenye mkeka wangu, huyo hayumo katika hadithi. Yeye ayaokote.