Kengele Iliyopiga Sitini na Tatu

Kama una baba, mume au kaka aliyevuka miaka hamsini, msomee hii kwa sauti. Usimwulize kwanza kama anataka.

Palikuwa na kijiji juu milimani, kule tangawizi inakolimwa kwenye miteremko na ukungu unaingia nyumbani bila kupiga hodi. Kijiji hicho kilikuwa na kanisa la mawe lenye mnara, na ndani ya mnara kulikuwa na kengele nyeusi, kubwa kuliko pipa la maji. Hakuna aliyekumbuka ilipandishwaje huko juu.

Desturi yao ilikuwa hii: mtu akifa, kengele inapigwa pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Pigo, kisha kimya cha kuvuta pumzi, kisha pigo. Popote ulipo, shambani au bombani, unaacha ulichoshika na unahesabu. Yakiwa manne, unajua ni mtoto wa nani. Yakiwa tisini na moja, unajua pia. Hapakuwa na haja ya tangazo. Wanawake walianza kulia, wanaume walianza kupasua kuni, na kabla ya saa kuisha turubai lilikuwa limeshasimama kwenye uwanja wa mfiwa.

Mpiga kengele alikuwa Mzee Elieneza. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini. Ufunguo wa mnara ulikuwa mmoja tu, na aliuvaa shingoni. Alikuwa pia na daftari lenye mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, kwa hiyo hakuna mama kijijini aliyeweza kumdanganya umri wake. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwaka ule hapakuwa na mwingine wa umri huo.

Siku moja wauguzi kutoka mjini walikuja kanisani kupima wanaume tezi dume kwa damu, bure. Wanaume wa kijiji, ambao kwa mdomo hawaogopi hata chui, walikumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua. Ilikuwa saa saba mchana. Elieneza naye alikuwa anaondoka, ila mkewe, Nakundwa, alikuwa amesimama getini.

"Baba Mbonea, ng'ombe wetu tuliuza."

Akarudi kwenye foleni.

Baada ya wiki tatu ikaja barua. Damu yake haikuwa shwari. Afike hospitali ya rufaa siku ya Alhamisi kwa vipimo zaidi. Barua hiyo ilipita mikono minne kabla ya kumfikia, na yote minne iliisoma. Kwa hiyo Elieneza alipokuwa anaifungua, kijiji kilikuwa kimeshamzika moyoni na kilikuwa kinajadili wimbo gani uimbwe.

Elieneza aliificha barua chini ya gunia la tangawizi. Mkewe alipomwuliza, akasema ni mambo ya kanisa.

Jumanne, saa nne asubuhi, alikuwa shambani akipalilia. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuiona miguu yake. Ndipo kengele ilipolia.

Kwanza alidhani amesikia vibaya. Akashika shingo. Ufunguo ulikuwepo.

Pigo, kimya, pigo. Mikono yake ikaacha jembe yenyewe, kwa mazoea, na akaanza kuhesabu. Ishirini. Arobaini. Akapitisha majina kichwani kama anafunua daftari. Hamsini na nane, si mwalimu mkuu. Sitini na moja, si Mama Tumaini. Sitini na mbili.

Sitini na tatu.

Papo hapo likapanda yowe kutoka ng'ambo ya bonde, likapokelewa na yowe la kilima cha pili, na la tatu, mpaka mlima mzima ukawa unalia. Elieneza aliziba masikio na kuchuchumaa katikati ya tangawizi. Wote walikuwa wanamlilia yeye.

Alipofika nyumbani alikuta watu wamejaa uwanjani. Kuni zilikuwa zimepangwa ukutani. Sufuria kubwa zilikuwa zimeshatoka kanisani. Walipomwona anatokea kwenye ukungu na jembe begani, wanawake walinyamaza wote kwa pamoja, na mmoja akaketi chini bila kuangalia anakaa juu ya nini.

Fundi Senkondo, aliyetengeneza majeneza yote ya kijiji, alificha mkono mgongoni.

"Fundi, umeshika nini?" Elieneza akauliza.

"Hakuna, mzee. Nimepita kusalimia."

"Na hiyo futi kamba inayoning'inia?"

"Hii natembea nayo siku zote."

"Hata kwenda kusalimia watu?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Shikamoo, mzee."

Wakaenda kuuangalia mnara. Kufuli lilikuwa limefungwa. Buibui alikuwa ametandaza utando kutoka kwenye kufuli hadi kwenye ubao wa mlango, na utando ulikuwa mzima, una matone ya umande. Elieneza akafungua, akaishika kamba ya katani. Asubuhi ile kila kitu kilikuwa baridi na majimaji, lakini kamba ilikuwa na joto mahali pa kushikia, kama kwamba mtu alikuwa ameiachia sasa hivi.

Watu waliondoka kimya. Lakini hakuna aliyebeba kuni zake.

Jumatano, saa nne, kengele ilirudia. Elieneza alikuwa kitandani amejifunika blanketi mbili kichwani. Ilipofika sitini na tatu, yowe likapanda tena. Safari hii watu hawakuja kulia uwanjani. Walikuja mmoja mmoja, wakaongeza kuni kwenye rundo, wakaondoka. Jirani mmoja alichungulia dirishani, akamtazama Elieneza machoni, kisha akamwambia mwenzake, "Alikuwa mtu mzuri sana."

"Nipo," Elieneza akasema.

"Ndiyo," jirani akajibu kwa upole, "alipenda sana kusema hivyo."

Mchana huo Nakundwa aliinua gunia la tangawizi kutafuta panya, akaikuta barua. Aliisoma amesimama. Kisha akaenda kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Alhamisi ni kesho, Baba Mbonea."

"Siendi. Umesikia kengele. Mungu ameshasema. Nataka kuondoka kwa imani, nyumbani kwangu, bila kufunuliwafunuliwa."

"Kwa imani?"

"Kwa imani."

"Mtu mwenye imani hamfichi Mungu barua chini ya tangawizi. Wewe unaogopa, na kuogopa si dhambi. Ila usiivalishe hofu yako joho ukaipeleka madhabahuni."

Elieneza akalivuta blanketi mpaka kidevuni. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia, "Mama Mbonea, sitaki kufa."

"Najua," Nakundwa akasema. "Ndiyo maana kesho nakupeleka kwanza mnarani. Kama kuna anayekuita, akuite ukiwa umesimama mbele yake. Kisha tunapanda gari la saa tano."

Alhamisi walifika mnarani kabla ya saa nne. Utando wa buibui ulikuwa mzima tena. Wakafungua, wakaingia, Nakundwa akafunga mlango kwa ndani na kuusukumia jiwe. Kamba ilining'inia katikati, imetulia kama mstari uliochorwa. Wakakaa kwenye ngazi ya kwanza, Nakundwa ameshika mfuko wenye shuka, kanga na barua. Alisali kwa ufupi, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili: "Bwana, tupo hapa. Tunasikiliza."

Pigo la kwanza likawashukia kichwani.

Kamba haikutikisika.

"Unaiona kamba?" Elieneza akanong'ona.

"Naiona. Hesabu."

Wakahesabu pamoja. Vumbi lilidondoka juu yao kwa kila pigo. Hamsini. Sitini. Sitini na moja. Nje, chini ya ukungu, kijiji kizima kilikuwa kimeacha majembe na kinasubiri. Sitini na mbili.

Sitini na tatu.

Yowe likapanda pande zote. Elieneza akafumba macho na kuziba masikio.

Nakundwa akaushika mkono wake wa kulia, akaubandua. Akaushika wa kushoto, akaubandua.

"Sikiliza!"

"Imekwisha, mke wangu."

"Nani kakwambia? Wewe umeziba masikio, wao wanalia. Kati yenu nani amebaki anahesabu?"

Akasikiliza. Na chini ya yowe, juu kabisa gizani mwa mnara, pigo likaanguka, polepole, bila haraka yoyote.

Sitini na nne.

Kimya cha kuvuta pumzi.

Sitini na tano.

Ndipo Elieneza akaelewa. Siku tatu kengele ilikuwa inaendelea kupiga, na hakuna aliyeisikia. Kijiji kilitarajia sitini na tatu, kikaipata, kikaanza kulia; na anayelia hasikii hesabu.

"Tukae," akasema, machozi yakimtiririka. "Tuhesabu mpaka mwisho. Nijue."

Nakundwa alikuwa ameshalisukuma jiwe. "Gari ni saa tano. Mwisho tumwachie Mungu mwenyewe. Inuka."

Walishuka njia ya sokoni ndani ya ukungu, wakapita katikati ya watu waliokuwa wanamlilia Elieneza, na hakuna aliyemwona. Kengele ilikuwa bado inapiga nyuma yao. Iliendelea mpaka walipokata kona ya njia ambayo sauti haivuki. Kwa hiyo hawakujua ilisimama kwenye ngapi, na mpaka leo hawajui.

Hospitali ya rufaa walimchukua kipande kidogo cha nyama ya tezi kikapimwe, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi alikuta daktari ni binti, umri wa mwanawe wa mwisho. Alikuwa na majibu mezani na hakuyazungusha.

"Mzee, ni saratani ya tezi dume. Lakini iko ndani ya tezi, haijatoka. Tumeiona mapema, inatibika."

Elieneza akavua kofia. "Asante, binti yangu."

Daktari akamwangalia vizuri, akidhani hakusikia. "Mzee, nimesema saratani."

"Nimesikia. Na umesema mapema. Mimi wiki mbili zilizopita nilishaliliwa, kuni zikaletwa, fundi akaja na futi kamba. Leo nimeambiwa nikiwa na miguu ya kurudi nyumbani. Nisiposhukuru kwa hilo nitashukuru kwa lipi?"

"Utaogopa baadaye," daktari akasema, si kwa ubaya.

"Naogopa sasa hivi," Elieneza akasema. "Nashukuru na naogopa. Vyote vinaingia kwenye shati moja. Niambie tunaanza lini."

Alifanyiwa upasuaji. Haukuwa mchezo. Alilala siku nyingi, alivaa mpira wa mkojo, alijifunza upya mambo ambayo mtoto wa miaka miwili anayajua. Zipo siku alimkasirikia Mungu, na Nakundwa akamwacha amkasirikie, maana hata hiyo ni namna ya kuongea naye.

Aliporudi kijijini alisimama kanisani na kusema maneno ambayo hayakuwahi kusemwa mle ndani. Alisema: tezi dume. Wanaume wote wakaanza kutafuta kitu chini ya mabenchi. Akayasema tena, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika vilima vitatu. Wauguzi waliporudi kupima, fundi Senkondo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na futi kamba yake aliiacha nyumbani.

Kuni zile walizipikia chai ya ibada ya shukrani. Zilitosha mara mbili.

Mwaka ukazunguka. Siku Elieneza alipotimiza miaka sitini na minne, saa nne asubuhi, alifungua mnara, akatemea mate viganja, akashika kamba. Hapakuwa na aliyekufa. Alikuwa anajipigia mwenyewe, pigo moja kwa kila mwaka aliopewa, na pigo, na kimya, na pigo. Mashambani watu waliacha majembe. Ilipofika sitini na tatu hakuna aliyelia. Walikuwa wanahesabu.

Sitini na nne.

Elieneza akaiachia kamba. Akarudi nyuma hatua mbili, akajifuta jasho. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake ukungu. Kamba ikayumba kidogo, ikapungua, ikatulia kabisa kama mstari uliochorwa.

Na kengele, peke yake, ikapiga moja tena.

Funzo: Hofu huacha kuhesabu kabla Mungu hajamaliza. Ukiambiwa una ugonjwa na bado ni mapema, shukuru, kisha panda gari uende ukatibiwe.